Kumfundisha Mbwa Mdogo Pa Kujisaidia Wakati Unashinda Kazini

Anayeishi Kimara, Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kabla foleni haijakaza, na kurudi kwake ni saa moja usiku, siku nyingine saa mbili. Mwenzake wa Nairobi anayelala Kitengela na kushinda mjini hana nafuu. Kama nyuma yako umefungia mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, mwenye uzito wa kilo mbili, unamtaka afanye jambo ambalo mwili wake hauliwezi. Atajisaidia ndani, hilo halina mjadala. Kilicho mikononi mwako ni kuamua kama atajisaidia mahali ulipomwandalia au popote haja itakapomkuta.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo: ana mbwa mdogo, awe Maltese, Chihuahua, Japanese Spitz au chotara wa mtaani, anaishi kwenye fleti au nyumba ya kupanga, na hawezi kuacha kazi ili alee mbwa. Inawezekana kumfundisha vizuri. Ila ujue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuipanga siku, na wa kuipanga ni wewe.

Anaweza kubana kwa muda gani

Kuna hesabu nyepesi inayotumiwa sana na wafugaji na madaktari wa mifugo: chukua umri wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, utapata idadi ya saa anazoweza kubana mkojo. Wa miezi miwili hufika saa tatu, wa miezi minne hufika tano. Hicho ni kiwango cha juu, tena akiwa ametulia. Akiwa anacheza au amekunywa maji mengi, saa moja inatosha kumshinda. Mbwa wa mbegu ndogo yuko chini zaidi ya hapo kwa sababu kibofu chenyewe ni kidogo. Hata aliyekwisha kukua hafai kubanishwa zaidi ya saa sita hadi nane. Usiku husubiri zaidi kwa kuwa mwili umelala, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani anaweza kufanya hivyo hivyo mchana.

Haja kubwa ina kanuni yake. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma kilichomo, kwa hiyo mtoto wa mbwa huhitaji kwenda haja dakika tano hadi thelathini baada ya kula. Ukizishika nyakati nne utakuwa umepata nusu ya somo: akiamka, akimaliza kula au kunywa, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala.

Zaidi ya saa, msome mwenyewe. Anacheza, ghafla anaacha. Pua inashuka sakafuni na kunusa kwa haraka, huku na huku. Anazunguka pale pale mara moja, mara mbili, au anajitenga kuelekea nyuma ya kochi au chini ya pazia. Kisha mgongo unaanza kujikunja. Ukimwona kwenye kunusa bado una nafasi. Ukisubiri hadi mgongo ujikunje umechelewa.

Kabla hujamleta nyumbani

Soma mkataba wa pango na uzungumze na mwenye nyumba. Kisha panga likizo. Sheria ya ajira ya Kenya inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na ya Tanzania siku 28 mfululizo. Tenga wiki mbili za likizo hiyo kwa ajili ya mbwa, zianze siku anapofika. Wiki mbili za kuwa naye kutwa zitakupunguzia miezi ya kudeki.

Usimchukue kabla hajatimiza wiki nane. Unapokwenda kumchagua, tazama mahali alipolelewa. Kati ya wiki ya tano na ya tisa watoto wa mbwa huanza kuzoea kujisaidia juu ya kitu cha namna moja: nyasi, udongo, magazeti au saruji. Waliolelewa kwenye kizimba kichafu, wakilala juu ya kinyesi chao, mara nyingi hupoteza ile tabia ya asili ya kutochafua malazi, na kuwarudisha ni kazi ndefu. Muulize mfugaji wamezoea kujisaidia juu ya nini, uanzie hapo.

Kama likizo haipatikani na hakuna mtu wa kumtazama mchana, subiri, au tafuta mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu ambaye amekwisha kufundishwa. Kumfungia mtoto wa mbwa saa kumi na mbili kila siku bila mtu wa kumjia ni kumtesa.

Andaa eneo lake

Ian Dunbar, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uingereza ambaye mafundisho yake ya kulea watoto wa mbwa yameenea duniani, hutenganisha mahali pa kukaa mbwa kwa muda mfupi na mahali pa kukaa kwa muda mrefu. Kizimba kidogo cha kulalia ni cha muda mfupi: saa moja au mbili uwapo nyumbani, na usiku. Humo mbwa hubana kwa sababu hataki kuchafua anapolala, nawe humtoa kwa wakati na kumpeleka haja. Ukimwacha humo kutwa atalazimika kujikojolea, na ile aibu yake ya asili itakufa. Ndiyo maana hafungiwi kwenye kizimba wakati uko kazini.

Mahali pa muda mrefu ni eneo lenye nafasi: kona ya jiko, stoo safi au sehemu ya sebule iliyozungushiwa uzio wa kukunja. Sakafu iwe ya vigae au saruji. Usimweke juu ya zulia, kwa kuwa zulia hufyonza mkojo na mguso wake unafanana na nyasi. Kama ni roshani, hakikisha hawezi kupenya kwenye nondo na kwamba kuna kivuli kutwa. Jua la saa saba la Dar es Salaam linaweza kumuua.

Panga hivi: upande mmoja malazi yake na maji, upande wa pili, mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, mahali pa haja. Katikati weka vitu vya kutafuna. Akianza kuishi humo atajitenga mwenyewe na malazi yake anapotaka kujisaidia.

Mahali pa haja patandikwe kitu kinachofanana na kile utakachotaka atumie ukubwani. Kama lengo ni aende nje kwenye nyasi, tafuta trei pana yenye kingo fupi na uweke kipande cha nyasi na udongo wake. Kama mtaa wenu ni mchanga mtupu, weka mchanga. Kama nia ni aendelee kutumia ndani maisha yake yote, jambo ambalo kwa mbwa wa kilo tatu halina ubaya wowote, tumia pedi za kufyonza mkojo au magazeti. Magazeti ni rahisi kupatikana, na kwa wengi ndiyo mwanzo.

Kazi ya magazeti huenda hivi. Siku za kwanza tandika eneo lote isipokuwa malazi, tabaka tatu au nne. Popote atakapojisaidia atakuwa juu ya karatasi. Baada ya siku chache utaona amechagua upande, mara nyingi kona iliyo mbali na malazi. Anza kuondoa karatasi zilizo karibu na malazi, ukurasa mmoja mmoja, siku mbili tatu kwa kila hatua, ukiacha ile kona. Unapobadilisha, chukua kipande kidogo cha gazeti lenye unyevu wa mkojo, ukilaze chini ya magazeti mapya: harufu itamwonyesha njia. Akikosea nje ya karatasi ujue umeharakisha. Rudisha kurasa mbili, subiri siku kadhaa, kisha endelea.

Wiki mbili za likizo

Katika likizo, mpeleke mahali pa haja kila baada ya saa moja hadi mbili, na katika zile nyakati nne. Mbebe au mfunge kamba, msimame hapo hapo kimya. Tumia neno moja tu: “haja”, au “kojoa”, lolote, mradi kila mtu wa nyumbani alitumie hilo hilo. Litamke taratibu anapoanza kujisaidia. Akimaliza, mpe zawadi pale pale, ndani ya sekunde mbili au tatu: kipande cha kuku wa kuchemsha kilicho sawa na punje ya hindi kinatosha. Zawadi ukiifuata jikoni, mbwa atadhani amelipwa kwa kukimbilia jikoni.

Asipofanya kitu kwa dakika tano, mrudishe kizimbani au mshike mapajani kwa dakika kumi na tano, kisha mjaribu tena. Usimwachie huru nyumba nzima na kibofu kimejaa. Uhuru wa kuzurura ndani hupewa aliyekwisha kujisaidia, na huwa chini ya macho yako.

Tangu siku ya pili au ya tatu anza pia kumwacha peke yake katika eneo lake, dakika tano, kisha ishirini, kisha saa moja. Toka mlangoni bila maagano marefu, na urudi bila shangwe. Asiyewahi kuachwa wiki mbili nzima, halafu siku ya Jumatatu akaachwa kutwa, atapatwa na hofu, na mbwa mwenye hofu hujisaidia ovyo.

Ratiba ya siku ya kazi

Likizo ikiisha, siku iende hivi:

*Saa 11 alfajiri.* Mtoe alipolala na umpeleke moja kwa moja mahali pa haja, kabla hujawasha jiko wala simu.

*Saa 11 na robo.* Chakula. Bakuli likae dakika kumi na tano hadi ishirini, kisha liondoe. Anayekula kwa saa hujisaidia kwa saa. Anayedonoa kutwa hatabiriki.

*Saa 12 kasorobo.* Haja tena, kisha mchezo mfupi ili achoke.

*Saa 12 asubuhi.* Badilisha magazeti, jaza maji, mwachie kitu cha kutafuna, ondoka kimya.

*Saa 6 mchana.* Mtu wa mchana anafika: haja, chakula cha pili, mchezo wa robo saa, magazeti mapya.

*Saa 10 alasiri.* Kwa aliye chini ya miezi minne, ziara ya pili.

*Saa 1 usiku.* Umerudi. Kwanza haja, salamu baadaye.

*Saa 2 usiku.* Chakula cha mwisho, na haja ndani ya nusu saa.

*Saa 4 usiku.* Haja ya mwisho, kisha kulala. Aliye chini ya miezi minne mwamshe mara moja usiku.

Kuna jambo baya ambalo watu hushauriana: kumnyima mbwa chakula au maji asubuhi ili asichafue. Usifanye. Watoto wa mbwa wa mbegu ndogo hawana akiba mwilini. Wakikaa na njaa kwa saa nyingi sukari ya damu hushuka, wakalegea, wakatetemeka, wakapata degedege, na wengine hufa. Wanahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku mpaka wakaribie miezi sita. Na maji yawepo kutwa, hasa Pwani.

Mtu wa mchana

Huyu ndiye nguzo ya mpango wote. Anaweza kuwa dada wa kazi, jirani aliyestaafu, kijana anayesubiri chuo, au mlinzi wa jengo akiwa na ruhusa ya waajiri wake. Mlipe, na mkae pamoja angalau siku mbili umwonyeshe: neno mnalotumia, zawadi ilipo, namna ya kutandika magazeti, na kwamba hakuna kumpiga wala kumpigia kelele. Mwachie daftari dogo ukutani aandike saa aliyofika na kama mbwa alijisaidia. Kwa wiki moja tu daftari hilo litakueleza ni saa ngapi hasa mbwa wako huhitaji haja.

Muulize mapema kama yuko radhi na mbwa. Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi: pakiguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukubali kuweka chakula na kuondoa magazeti kwa glavu, lakini asitake kulambwa. Usimweke katika hali ya kuona haya kukwambia. Kwa majirani ni vivyo hivyo: kwenye ngazi na lifti mbebe mbwa mdogo kifuani. Hatamnusa nguo mtu anayekwenda kuswali, hatakojoa kwenye lango la jengo, na mwenye mbwa asiyeudhi watu huishi kwa amani na mwenye nyumba.

Ukirudi ukakuta uchafu

Umechoka, foleni imekumaliza, unafungua mlango, harufu inakupokea. Mbwa anainamisha kichwa, anakwepa macho yako, na unasema: anajua alichofanya. Hajui. Mwaka 2009 mtafiti wa tabia za mbwa wa New York, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lililopima sura hiyo. Wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekula chakula alichokatazwa, wakati mwingine kweli, wakati mwingine si kweli. Sura ya “hatia” ilifuata karipio la mwenye mbwa, awe mbwa ametenda kosa au hakutenda. Anachokisoma ni uso wako na sauti yako.

Kwa hiyo kumsukuma pua kwenye mkojo wa saa tano zilizopita hakumfundishi kitu. Kunamfundisha kwamba kurudi kwako kuna hatari, na kwamba mkojo usionekane na binadamu. Matokeo yake ni mbwa anayejificha nyuma ya kabati, asiyekubali kukojoa mbele yako hata umpeleke nje. Ukimkuta ndiyo anaanza, piga makofi mara moja ili asite, mbebe hadi mahali pake, na akimalizia hapo mpe zawadi. Ukikuta ameshamaliza, safisha, basi.

Wako pia wanaotoa matone ya mkojo kwa furaha au unyenyekevu unapoingia. Hao hawafanyi kusudi. Ingia bila kelele, usimwinamie wala kumtazama usoni, mpeleke mahali pa haja, msalimie huko. Wengi huiacha tabia hiyo wanapokua.

Kusafisha kwa namna inayofaa

Pua ya mbwa hunusa mkojo ambao wewe umekwisha kuusahau, na panaponuka mkojo kwake ni choo. Kausha kwanza kwa tambara au gazeti, ukikandamiza bila kusugua. Osha kwa maji na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile inayouzwa kwa kuondoa madoa ya nguo, uiache dakika kumi na tano, kisha suuza. Maliza kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa.

Jiki isitumike. Mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, yako na ya mbwa. Jiki na siki pamoja ni hatari vilevile. Dawa za kudekia zenye amonia nazo ziepuke, kwa sababu kwa mbwa zinanuka kama mkojo wa mwenzake.

Kinyesi kiondolewe kila siku. Mayai ya minyoo aina ya toksokara huhitaji muda nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, hivyo kuondoa mapema ni kinga kwa watoto wa nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Kukibebea kinyesi, kurasa mbili za gazeti kuukuu zilizokunjwa vizuri hutosha, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Kutoka gazetini kwenda nje

Usimshushe chini kwenye njia za mbwa wa mtaani kabla hajamaliza chanjo za awali, ambazo hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita hivi. Virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi na huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu.

Chanjo zikikamilika, chagua sehemu moja nje na umpeleke hiyo hiyo kila asubuhi na jioni. Chukua kipande cha gazeti lake lililotumika, kilaze kwenye nyasi, kikandamize kwa jiwe. Simama. Sema neno lenu. Akijisaidia, zawadi hapo hapo, kisha mtembeze kidogo. Ukimrudisha ndani mara tu anapomaliza, atajifunza kuchelewesha haja ili matembezi yasiishe. Mchana aendelee kutumia gazeti lake: mbwa anaweza kujua vyoo viwili bila kuchanganyikiwa, mradi kila kimoja kiko mahali pake siku zote.

Wakati wa kumwona daktari

Mbwa aliyekwisha kuzoea akaanza ghafla kukojoa mara nyingi, kidogo kidogo, au mkojo ukawa na damu, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna mafunzo yanayotibu maambukizi. Kuhara nako humharibia ratiba, mara nyingi kwa sababu ya minyoo au kubadilishiwa chakula ghafla. Dume linaloanza kuinua mguu na kurushia mkojo kwenye viti kuanzia miezi sita linaweka alama, na kulihasi hupunguza tabia hiyo kwa wengi. Anayechafua tu unapokuwa haupo, huku akiparua mlango na kudondosha mate, ana hofu ya kuachwa. Huyo anahitaji kuzoeshwa upweke upya, taratibu.

Utajuaje amezoea

Mbegu ndogo huchelewa. Wengine hufika miezi minane, wengine mwaka, na hilo si ukaidi. Akimaliza wiki nne bila kukosea katika eneo lake, mfungulie chumba kimoja zaidi, saa moja moja, wewe ukiwapo. Wiki mbili nyingine zikipita salama, mwache humo unapokwenda dukani, kisha nusu siku. Vyumba vifunguliwe kimoja kimoja, vyenye mazulia vya mwisho. Akikosea, funga chumba cha mwisho ulichofungua, rudi kwenye daftari la ukutani, utafute ni saa gani hakufikiwa na mtu. Mara nyingi jibu utalikuta hapo.